Muda Unaopotelea Sebuleni

Kazi yangu ni fiziotherapia, hapa Mwanza mjini. Wagonjwa hawana haja na neno hilo refu. Kwao mimi ni dada wa mazoezi. Kiharusi kinanifikia kikiwa kimeshafanya yake: mkono umelala, mguu unaburuta, mdomo umevutwa upande, na mtu ambaye juzi alikuwa akipakia magunia ya dagaa kwenye fuso pale Kirumba sasa anafundishwa kukaa kitandani bila kuangukia ubavu. Mimi si wa mapokezi wala si wa kuandika dawa. Hubaki na mgonjwa miezi mingi baada ya wengine kumaliza yao, na katika kukunja goti na kunyoosha vidole kuna muda mwingi wa mazungumzo. Watu husimulia.

Ndipo nikajenga tabia ya kuwauliza ndugu maswali mawili. Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi? Na nyumbani mliondoka saa ngapi? La kwanza wengi hulijibu kwa kubahatisha: baada ya taarifa ya habari, kabla ya adhana ya alfajiri, wakati wa kuanua mahindi. La pili hulijibu haraka, halafu hunyamaza kidogo, maana wenyewe wameshapiga hesabu ya kilichopita katikati.

Mtu wa mbali akisikia habari za Mwanza hufikiria maji. Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome: mgonjwa lazima apandishwe chombo, na ziwa lina siku zake za kukataa. Hilo ni kweli, na nitalifikia. Lakini kwa hadithi nilizozisikia mimi, sebule inakula saa nyingi kuliko ziwa. Nimempokea mama wa Nyakato ambaye nyumba yake inatazamana na lami, daladala zinapiga honi mlangoni, na alifikishwa hospitali siku ya tatu. Nimempokea pia mvuvi wa kisiwani aliyefika siku ileile.

Wasioelewa haraka ni ya nini huwa nawapeleka Mirongo. Kila mkazi wa Mwanza anaujua mto ule unaokatiza mjini. Taka zikiuziba, maji hayashuki. Mvua ikizidi, unavunja kingo na kuingia majumbani. Mshipa wa ubongo nao hupatwa na moja ya hayo mawili: donge la damu linauziba, au presha inaupasua damu ikamwagika ndani. Kwa nje mgonjwa anaonekana yuleyule, uso umeshuka, mkono hauna nguvu, maneno yanakwama. Hakuna mtu, hata awe na shahada ngapi, anayeweza kumtazama kwa macho akasema kwa uhakika ni lipi kati ya mawili. Kinachosema ni kipimo cha CT skani, mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Na matibabu yake yanapingana: aspirini inayomsaidia aliyeziba mshipa inaweza kummaliza aliyepasuka.

Zamani mashine ya kipimo hicho ilikuwa ni habari ya hospitali kubwa chache, na kwa Kanda ya Ziwa safari zote ziliishia kilimani, hospitali ya Bugando. Kisha fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, za mwaka 2021, zile za wakati wa korona, zikatumika pia kununulia hospitali za rufaa za mikoa mashine hizo. Kwa hiyo kile kisingizio cha kwamba hakuna kipimo kinazidi kupungua nguvu kila mwaka.

Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Namba hiyo huwa siwaambii wagonjwa. Inatisha bure na wao ya kwao yameshapita. Nawaambia ndugu waliobaki wazima, hasa wale wenye presha. Dawa ya kuyeyusha donge, alteplesi, iliruhusiwa Marekani mwaka 1996 kwa mgonjwa aliye ndani ya saa 3 tangu dalili zianze, na utafiti wa Ulaya wa mwaka 2008 ukaonyesha kwamba inaweza kusaidia mpaka saa 4 na nusu. Hesabu hiyo inaanzia pale mtu alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, wala si pale mlipomkuta. Aliyelala saa tatu usiku akiwa salama na kuamka saa kumi na mbili amepooza, kwa hesabu hiyo saa 9 zimeshakwenda.

Hapo huwa naulizwa swali la haki kabisa. Dawa hiyo ni ghali, na katika hospitali zetu nyingi hupati. Sasa kama haipo, tunakimbilia nini?

Aliyewahi kuniuliza kwa ukali zaidi ni mzee mmoja mstaafu wa reli, mkewe akiwa mikononi mwangu. Nilimjibu kwa kumwonyesha kitanda cha pili. Pale palikuwa na kijana aliyeletwa akiwa hawezi kusema, upande mmoja umelegea, ndugu wameshaanza kulia. Kumbe ni mgonjwa wa sukari aliyechoma insulini bila kula. Sukari ilikuwa imeshuka mno, na hali hiyo inaweza kuigiza kiharusi kitu kwa kitu. Kidole kimoja kikatobolewa, dripu ya glukosi ikawekwa, akaanza kuuliza yuko wapi. Angekaa nyumbani mpaka kesho yake, pengine asingerudi. Kisha kuna kumeza. Karibu nusu ya wenye kiharusi hushindwa kumeza vizuri siku za mwanzo, na uji wa huruma unaingia kwenye mapafu badala ya tumboni. Hospitali humjaribu kwanza kwa maji kidogo, na akishindwa, anawekewa mpira wa puani. Kuna presha, ambayo kwa aliyepasuka mshipa inatakiwa ishushwe mapema na kwa uangalifu, na kwa aliyeziba mara nyingi haitakiwi kushushwa kwa pupa. Kuna homa, kuna kugeuzwa ili asitoke vidonda. Na siku chache za kwanza ndizo ambazo kiharusi cha pili hupenda kuja. Mzee wa reli alisikiliza, akasema, "Basi mngetuambia hayo tukiwa wazima." Sikuwa na la kumjibu, na hiyo ni sehemu ya sababu ya kuandika haya.

Sasa nirudi sebuleni.

Muda wa kwanza unaliwa na kutotaka kuona. Amelalia mkono vibaya. Ni ganzi. Amechoka, jana alikuwa msibani. Kiharusi mara nyingi hakiumi, na kwetu kisichouma hakijawa ugonjwa; hata presha yenyewe ndivyo inavyowaponza watu, wanameza vidonge wiki mbili, kichwa kinatulia, wanaacha. Kwa watoto ni mbaya zaidi, kwa kuwa nani anafikiria kiharusi kwa mtoto? Lakini Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na selimundu huziba mishipa ya ubongo hata kwa mtoto wa chekechea. Binti mmoja niliyemfanyisha mazoezi alichapwa shuleni kwa mwandiko mbovu, kabla mtu hajagundua kwamba mkono ule haukuwa tena na nguvu.

Muda wa pili, na huu ndio mkubwa, ni kikao. Katika familia nyingi za huku mgonjwa ni wa wote, na kinachokuwa cha wote kinangoja wote. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, mdogo wake yuko mgodini Geita, baba mdogo ndiye mwenye neno la mwisho lakini simu yake inaita bila kupokelewa. Kila mmoja anasema ngoja nikupigie. Wanaojadiliana hawajamwona mgonjwa, na aliyemwona hajadiliani. Aliyemwona ni mke, au mkwe, au mjukuu wa darasa la sita. Anayekuwa wa kwanza kujua ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote.

Mama mmoja wa Igoma alinisimulia habari za baba mkwe wake. Ilikuwa jioni, mzee anakunywa chai, kikombe kikadondoka. Akamwona anajaribu kukiokota kwa mkono ambao hauendi. Mume yuko njiani na lori kuelekea Kahama. Akampigia. Mume akampigia kaka yake. Kaka akasema nitakuja asubuhi tuone. Na yeye mkwe, kwa desturi aliyokulia nayo, baba mkwe hamshiki. Akamtandikia mkeka palepale, akamwita kijana wa jirani amlaze, akakaa mlangoni usiku kucha na kitambaa, akimpa yule kijana amfute mate mzee. "Dada, mimi nilijua tangu kikombe kilipoanguka," aliniambia. "Ila ningesema nini, na nani angenisikia?" Nimewasikia wataalamu wakisema jamii ielimishwe dalili. Huyu dalili alizijua. Alichokosa ni ruhusa.

Muda wa tatu ni wa mganga, na hapa watu husubiri nimwage lawama. Sitamwaga zote. Ndiyo, wapo wanaoambiwa ni upepo, ni jini kampiga kofi, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Nimeona mikono iliyopooza ikiwa na chale mbichi, nimeona watu waliochuliwa na mafuta mpaka ngozi ikabanduka. Lakini msidhani ni mambo ya wavuvi na wakulima peke yao. Watafiti waliwahi kuwauliza watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai kuhusu kiharusi, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2008, wa mjini ndio waliotaja zaidi mapepo. Wa Hai walitaja zaidi presha na mambo ya mwili. Halafu mganga naye ni mtu. Namfahamu mmoja upande wa Misungwi ambaye mgonjwa wa namna hiyo akiletwa kwake humwambia atabasamu. Uso ukienda upande mmoja, anawaambia ndugu: mpelekeni kwanza hospitali, mimi sihami, mtanikuta. Neno lake moja huwatoa watu nyumbani upesi kuliko semina yangu nzima. Naye hapotezi wateja, maana wakitoka hospitali wengi hurudi kwake kushukuru.

Baada ya hapo ndipo barabara inaanza. Kwa Mwanza barabara yenyewe huwa inaanzia chini, mgonjwa akiwa juu. Anayeijua Mabatini, Igogo, Bugarika au Isamilo anaelewa ninachosema: nyumba zimekaa juu ya mawe na kati ya mawe, njia ni ngazi za kuchonga na vichochoro vya mtu mmoja, na bajaji inaishia bondeni. Usiku mgonjwa anateremshwa kwenye kiti cha plastiki, vijana wawili mbele, wawili nyuma, mmoja anamulika kwa simu. Ukiwa na mgonjwa wa presha huko juu, wajue mapema vijana wa mtaa watakaombeba, na kiti kiwe cha mikono. Mgonjwa wa kiharusi hana nguvu za kujishikilia. Kisicho na mikono kitammwaga. Mfungeni khanga kifuani, kichwa kishikiliwe na mtu. Hayo sikuyasoma darasani, nimeyapata kwa waliobeba.

Halafu kuna kuhama vituo. Zahanati inaandika barua ya kwenda kituo cha afya, kituo kinaandika ya kwenda wilayani, na kila barua ina foleni yake. Ndugu wa mgonjwa mmoja waliambiwa gari la wagonjwa lipo ila halina mafuta, wachangie. Wakachanga. Wakati wanachanga, alipita mwenye Noah akielekea mjini bila abiria, na hakuna aliyefikiria kumsimamisha kwa sababu wote walikuwa wanasubiri gari lenye kimulimuli. Kwa kiharusi gari bora ni lile lililopo, ilimradi mgonjwa alazwe ubavu na asiketishwe katikati ya watu wawili kama abiria.

Kuhusu maji, mambo yamebadilika upande mmoja. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya ghuba. Wa Sengerema na Geita wanaokumbuka foleni ya kivuko wanajua maana yake: palipokuwa na kusubiri sasa ni dakika chache za gari. Miezi michache baada ya uzinduzi nilipokea baba wa upande huo. Mwanawe alinisifia daraja mpaka nikacheka, walivuka kama wanateleza. Nikamuuliza maswali yangu mawili. Baba alianguka bafuni magharibi. Waliondoka nyumbani kesho yake baada ya jua kupanda, maana walikuwa wanangoja dada yao atume pesa.

Upande wa visiwa daraja hakuna, na hapo ndipo habari za mjomba wangu zinaingia.

Mjomba ni mvuvi wa dagaa kisiwani Ukara. Giza likiwa zito wako ziwani na taa zao, mbalamwezi ikitoka wanatengeneza nyavu. Asubuhi moja ya mbalamwezi alikuwa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, anashona wavu, sindano ikamponyoka. Akataka kuomba aokotewe, yakatoka maneno yasiyoeleweka. Wenzake wakacheka: mzee kaianza gongo mapema leo. Mjomba si mlevi, lakini mwaloni mtu akiyumba na kuongea ovyo kuna jibu moja tu. Wakamwegemeza kwenye mtumbwi. Baada ya muda usiozidi kuchemsha chai maneno yakarudi, mkono ukarudi, akamalizia wavu wake. Jioni ikawa ni hadithi ya kuchekesha.

Ile haikuwa ya kuchekesha. Kiharusi kinachokuja na kuondoka, donge likiziba kisha likapita, ni taarifa kwamba kingine kiko njiani, na mara nyingi hakichelewi. Aliyepata hali hiyo anatakiwa afike kwa daktari siku hiyohiyo hata kama anacheza ngoma. Mimi sikuambiwa. Mpaka leo nikiwauliza wanasema: tungekwambia nini, na alikuwa amepona?

Kilichofuata kilikuja haikupita wiki. Alfajiri simu iliita, ni binamu yangu. "Dada, baba haamki vizuri." Nikamwambia asimuulize anajisikiaje, afanye mambo matatu huku simu iko sikioni: amwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili mbele, na arudie baada yake jina la kijiji na la mama yake. Uso ulikwenda kushoto. Mkono wa kulia haukupanda. Jina la bibi lilitoka nusu. Nikamuuliza mara ya mwisho alikuwa sawa saa ngapi, akasema aliamka saa tisa usiku kwenda haja, akasalimiana na mtu nje. Nikamwambia aandike hiyo saa tisa mkononi kwa kalamu, ataulizwa kila mahali.

Nyuma yake nilisikia watu wamejaa. Mmoja anasema apewe kidonge cha presha cha jirani. Mwingine anasema aspirini. Nikasema hapana kwa vyote. Mwingine alikuwa ameshaleta uji, na vijiko viwili vilikuwa vimeshaingia, mjomba anakohoa. Alazwe ubavu, nikasema, kisiingie kitu mdomoni, hata maji. Dawa zake zote ziwekwe kwenye mfuko pamoja na kadi ya bima.

"Sawa dada," akasema binamu. "Tunamsubiri baba mkubwa. Yuko Bunda, kasema ameshapanda gari."

Kutoka Bunda mpaka Ukara kuna kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi, kuna barabara ya kukatiza Ukerewe mpaka Bugolora, kuna kivuko kingine mpaka Bwisya. Baba mkubwa angefika mchana. Nikaomba simu apewe shangazi, maana mke wa mjomba sisi tunamwita hivyo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

"Shangazi, ukisubiri ruhusa, mkono ule haurudi."

Alikaa kimya. Shangazi si mtu wa maneno; kwenye vikao vya ukoo hukaa jikoni. Kisha nikamsikia anaongea na watu, sauti haikupanda hata kidogo. "Mtumbwi wa nani una mafuta?" Mtu akajibu. "Na nani anaendesha?" Kimya. "Nimeuliza nani anaendesha." Baadaye binamu aliniambia kuna mzee alijaribu kusema kaka wa mgonjwa yuko njiani, shangazi akamjibu kwamba yuko njiani ni sawa, watakutana njiani. Na kweli, walikutana Bugolora, mmoja anashuka kwenye gari, mwingine anapandishwa.

Kwanza walipitia Kituo cha Afya Bwisya, kile kilichoboreshwa baada ya ajali ya kivuko cha MV Nyerere ya Septemba 2018, kwa kutumia pia fedha za rambirambi za msiba ule. Presha ikapimwa, sukari ikapimwa, barua ikaandikwa bila kuzungushana. Kivuko hawakukisubiri, mtumbwi ukawavusha. Nansio hospitali ya wilaya wakamtazama na kumpa gari, wakavuka Rugezi, wakazunguka kwa Bunda na Magu. Nilimpokea mlangoni magharibi. Kwa kipimo cha saa 4 na nusu tulikuwa tumechelewa mno, na hata tusingechelewa ile dawa haikuwapo. CT ilionyesha mshipa umeziba. Akaanzishiwa aspirini akiwa salama nayo, akawekewa mpira wa puani siku za mwanzo. Vile vijiko viwili vya uji vilimtia homa ya mapafu iliyomrefushia kitanda, lakini ilikamatwa mapema. Mguu umerudi, anatembea na fimbo. Mkono wa kulia unashika ila hauna uaminifu. Maneno anayo yote, na matusi ya mwaloni yalitangulia kurudi kabla ya salamu. Kwangu, kwa miaka niliyofanya kazi hii, hiyo ni hesabu nzuri.

Baba mkubwa alinuna. Hilo lazima liandikwe, kwa kuwa watu hudhani mgonjwa akipona kila mtu anafurahi. Alisema shangazi amemdharau mbele za watu. Ilibidi mjomba mwenyewe, akiwa bado anaburuta ulimi, aseme: "Kaka, ungenikuta... maiti, ungeheshimiwa?" Ndipo yakaisha, au yakafunikwa.

Kuna kitu huwa nakifikiria nikiona namba 115. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza huku kwetu Kanda ya Ziwa kabla ya kupelekwa nchi nzima, unamruhusu mtu yeyote kupiga simu bure kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga mwenye dharura. Aliyepokea anauliza maswali, na kama gari la wagonjwa liko mbali anatumwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, na malipo yake yanatoka kwenye mfumo. Angalia walichokitatua: hela haisubiriwi, na kikao hakisubiriwi. Hakuna anayeuliza kama baba mkubwa amefika. Madereva wapo, njia wanazijua, namba watu wameikariri. Mzee wa kiharusi hayumo. Sioni sababu ya kitabibu ya kumwacha nje. Naona sababu ya fedha tu, na hiyo hujadiliwa.

Kwa sasa watu wa mwaloni wamejitengenezea yao. Shangazi ni mwanachama wa kikoba cha wanawake wanaoanika dagaa. Nilipokwenda Ukara kumfuatilia mjomba, aliniita kwenye kikao chao niwaonyeshe yale mambo matatu, uso, mikono, maneno. Nikawaonyesha, wakafanyishana, wakacheka kwelikweli na vicheko vya kujibinya nyuso. Kisha shangazi akatoa hoja yake: itengwe hela ya petroli ya kuvukia mpaka Bugolora, ikae kwa mtunza hazina, na mwanachama yeyote akiona hayo mambo kwa mtu yeyote, achukue bila kuitisha kikao na bila kumpigia mwanamume yeyote simu kwanza. Mwendesha mtumbwi naye ajulikane kwa jina, na wa akiba yake.

Mabishano yalikuwa marefu. Mmoja akauliza mgonjwa asiye ndugu wa mwanachama. Akijibiwa, mwingine akauliza usiku wa mawimbi. Mwisho mtunza hazina, mama mmoja mkali wa hesabu, akafunga daftari lake na kuuliza kile ambacho wote walikuwa nacho: na kama tumemvusha mpaka hospitali, hela imekwisha, halafu ikaonekana alikuwa amelewa tu?

"Atarudisha mafuta," akasema shangazi. "Andika."